Mbu Wetu wa Kufuga

Kwa miaka mitatu nilikuwa na kinyongo na jirani yangu kwa ajili ya mtaro. Unapita nyuma ya ukuta wetu hapa Tabata, na kile kipande kinachopakana na kwake kimejaa mchanga, chupa tupu na maji meusi yasiyoelekea popote. Kila jioni mbu wakianza kuimba, macho yangu yalikwenda kwenye ule ukuta. Nilishapeleka malalamiko kwa mjumbe, nikayafikisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na siku moja, Mungu anisamehe, nilimtupia jirani neno zito akiwa na wageni wake getini. Sikuwa na shaka hata chembe. Mbu walikuwa wake.

Ikaja Jumamosi ya usafi, ile ya mwisho wa mwezi. Mjumbe akapita nyumba hadi nyumba akiwa na bwana mmoja aliyeshika kopo jeupe lililofungwa kwenye mpini mrefu. Mtu wa makamo, mpole, buti za mpira hadi magotini. Akasema zamani alikuwa Buguruni kwenye mradi wa malaria wa jiji, ule ulioanza 2004, enzi ambazo kila nyumba kumi zilichorewa ramani yake kwa mkono na zikawa na mtu wa kuzipitia kila wiki, kiwanja kwa kiwanja, akitafuta maji yaliyotuama. Nilimpokea kama mkombozi. Hata maji ya kunywa sikumkaribisha. Nilimpeleka nyuma moja kwa moja nikamwonyesha mtaro kwa kidole, kama shahidi anayeonyesha alipoangukia marehemu.

Akachota mara moja, akachota tena, akalielekeza kopo juani. "Wapo," akasema. Nikamgeukia mjumbe kwa ushindi.

"Ila hawa sio wanaokuuma mchana, dada," akaendelea. "Haya, sasa twende kwako."

Kwangu? Mimi ninayefagia uwanja kila alfajiri hadi mchanga unakuwa na mistari?

Alianza na turubai. Tuna chumba cha nyongeza kilichoishia kwenye linta tangu hela ilipokata, na mchanga uliobaki tuliufunika kwa turubai la bluu ili paka wasiufanye choo. Kwenye mikunjo ya turubai mvua za vuli zilikuwa zimeacha vidimbwi vya ukubwa wa sahani. Akatoa kijiko mfukoni, akachota kidimbwi kimoja, akamimina ndani ya kopo. Kwenye weupe ule nikaona vitu vinajinyonganyonga, kumi na tano, labda ishirini. Viluwiluwi, watoto wa mbu. Akasogea kwenye pipa la maji ya zege, tuliloliacha wazi kwa siku mbili tatu tu, mwaka mmoja uliopita. Humo hakuhitaji hata kuchota. Uso wa maji ulikuwa unacheza wenyewe. Akaja kwenye tairi ambalo mume wangu amelitunza kwa sababu ambazo wanaume wa mji huu wanazijua wao wenyewe. Vifuu vya nazi nyuma ya jiko. Sahani iliyo chini ya chungu cha maua barazani. Mfuniko wa simtanki, ambao ulipasuka tukaubana kwa jiwe tukaona tumemaliza kazi.

Kilichonitia aibu kuliko vyote kilikuwa ndani. Akaomba ruhusa, akaingia jikoni, akapiga goti nyuma ya friji na kuchomoa trei ndogo ambayo maji ya barafu hudondokea. Friji ile tuna miaka sita nayo. Sikuwahi kujua kwamba ina trei.

Shuleni tulifundishwa kwamba mbu wa malaria ni anofelesi, na somo likaishia hapo, kana kwamba wengine wote ni mashemeji zake. Bwana yule alinipa somo jipya kwenye kopo lile lile. Kiluwiluwi anayelala bapa sambamba na uso wa maji, kama mkeka uliotandikwa, huyo ni anofelesi. Anayening'inia kichwa chini mkia juu, akivuta hewa kwa kimrija, ni kuleksi au aedesi. Kuleksi ndiye wengi kuliko wote hapa mjini. Ndiye anayetuimbia usiku kucha, na anapenda maji machafu: mitaro iliyoziba, mashimo ya choo, makaro. Huku pwani ndiye anayebeba minyoo ya matende na mabusha. Anofelesi hupendelea madimbwi yenye jua, maji ya kina kifupi, nyayo za ng'ombe, majaruba ya mpunga. Na aedesi ni yule mweusi mwenye pingili nyeupe miguuni, anayeuma mchana, hasa asubuhi na alasiri jua linaposhuka. Huyu anataka maji ya vyombo vya watu: ndoo, pipa, tairi, kopo, sahani ya maua.

Aedesi pia haruki mbali. Wengi wao huishi na kufa ndani ya mita mia moja au mia mbili kutoka mahali walipozaliwa. Sentensi hiyo ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu ilinirudisha 2019.

Mwaka ule jiji zima lilikuwa na homa ya dengue. Mume wangu alianguka siku ya Jumanne, na hadi Alhamisi hakuweza kugeuza macho bila kulalamika. Maumivu yalikuwa nyuma ya mboni, mgongoni, kwenye kila kiungo. Alipimwa malaria mara mbili, mara mbili hakuwa nayo, na bado tukataka kununua dawa ya malaria, maana kwetu homa isiyo malaria huonekana kama uongo wa maabara. Daktari akatukatalia. Dengue haina dawa maalumu, akasema. Mpeni maji kwa wingi, paracetamol kwa homa, na msimpe aspirini wala dawa za kundi hilo kwa sababu zinaweza kumfanya atokwe na damu. Alilala siku tisa, na uchovu ulimwandama mwezi mzima.

Sisi ni familia ya chandarua. Nilipokuwa na mimba ya kwanza, 2010, nilipewa Hati Punguzo ya kununulia chandarua kliniki, na tangu siku ile hakuna mtoto aliyelala nje ya chandarua nyumbani kwangu. Usiku tulijipanga ndani yake kama mayai kwenye trei. Kisha saa kumi na moja jioni tunatoka barazani, tunapiga soga, tunamlisha aedesi bila hata kuzima taa. Siwezi kuapa mume wangu aliumwa wapi. Naweza kusema tu kwamba kiti chake kiko hatua nne kutoka kwenye kile chungu cha maua.

Homa hii si ngeni pwani, na majina yake ni ya kwetu. Tabibu James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika habari za mlipuko wa 1870 ambao wenyeji waliuita kidinga pepo, na wazee wa wakati huo walikumbuka kwamba uliwahi kuwafika katika miaka ya 1820. Leo tunasema kidingapopo, na wapo wataalamu wanaoona kwamba neno dengue lenyewe limechipuka hapo. Wengine wanashuku kwamba ule wa 1870 ulikuwa chikungunya, ugonjwa mwingine anaoueneza aedesi, na jina hilo nalo ni la Kimakonde: lilitokana na mlipuko wa 1952 huko kwenye nyanda za Wamakonde kusini, na maana yake ni kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyomkunja mgonjwa. Kama ni hivyo, magonjwa mawili yanajulikana dunia nzima kwa maneno yaliyotoka vibarazani mwetu. Sijui kama ni jambo la kujivunia.

Binti yangu, yuko darasa la tano, aliomba abaki na viluwiluwi wa kwenye pipa. Nilitaka kukataa. Bwana yule akasema mwache. Tukaweka maji yao kwenye chupa ya jemu, juu tukafunga kipande cha chandarua kikuukuu kwa mpira, chupa ikakaa dirishani. Ilikuwa Jumamosi. Jumatano baadhi yao walikuwa wamebadilika, wana kichwa kikubwa na mkia uliopinda kama alama ya mkato, wanapiga sarakasi kila ukigusa chupa. Ijumaa asubuhi niliamshwa na kelele: "Mama! Wamesimama!" Kweli, mbu watatu walikuwa wamesimama juu ya ngozi zao wenyewe, juu ya maji, wanakausha mabawa. Jumamosi walikuwa kumi na mmoja.

Chupa ile ndiyo iliyonielewesha kwa nini watu wa mradi walizunguka kila wiki, si kila mwezi. Kwa joto la Dar, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi. Ukizunguka kila Jumamosi, unawakuta wote bado wamo majini, hawana mabawa, hawana pa kukimbilia. Ukisubiri Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi, umeshawaozesha na wajukuu umepata.

Hapo nilijiona nimehitimu. Nilimwaga pipa siku ile ile, nikalilaza ubavu, nikapiga na picha. Wiki tatu baadaye tulilihitaji, nikalisimamisha, nikalijaza maji safi, na siku chache tu kupita viluwiluwi walikuwemo tele. Nilimpigia simu bwana wa kopo nikidhani jirani amenifanyia uchawi. Akacheka kwanza. "Ulisugua?" Sikusugua. Kumbe aedesi hatagi juu ya maji. Hubandika mayai yake moja moja kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji yalipoishia, madogo meusi kama vumbi la mkaa. Yakikauka hayafi. Yanaweza kukaa miezi, kiangazi chote, yakingoja maji yafike pale yalipo, ndipo yaangue. Nilikuwa nimemwaga watoto nikaacha mayai. Siku hizi pipa linasuguliwa kwa brashi ngumu na mchanga, hasa ule mstari wa juu, kama vile unasugua sufuria iliyounguza ugali.

Watu hupenda kusema "ondoa maji yote yaliyotuama", na wanaosema hivyo hawaishi kwetu. Maji ya bomba huku hutoka siku mbili kwa wiki, zikija wiki mbaya hayatoki kabisa. Nikiondoa maji yote nitapika na nini? Kwa hiyo kazi yangu kubwa imekuwa kufunika. Simtanki imepata mfuniko mpya. Bei yake ilinitoa jasho hadi nilipokumbuka nilichokuwa nikitumia kwa dawa za kopo kila mwezi. Tundu la juu, lile maji yanapofurikia, tumelifunga kwa wavu mwembamba. Mapipa na ndoo kubwa zina vifuniko vya kitambaa cha chandarua kilichochakaa, kimevutwa kikakaza na kufungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Kitambaa kikilegea na kuzama katikati hakina maana, mbu atatua hapo hapo na kutaga kwa raha zake. Kitambaa lazima kikaze kama ngoma.

Simtanki naisisitiza kwa sababu nyingine pia. Kuna anofelesi wa Asia, anaitwa stephensi, aliyeonekana Jibuti 2012, kisha Ethiopia, na sasa ameshafika Kenya, huko Marsabit. Huyu ni mbu wa malaria mwenye tabia za mjini: anazaliana kwenye matangi na visima vya nyumbani. Malaria tuliyoizoea ilikuwa zaidi ya mabonde na mashamba. Huyu akishuka huku atakuta mamilioni ya matangi meusi juu ya minara ya chuma, nusu yake vifuniko vimebanwa kwa mawe.

Tuje kwa kuleksi, maana usiku nao ulikuwa wangu zaidi ya nilivyodhani. Jioni moja bwana wa kopo alitushauri tukae karibu na bomba la hewa la shimo la choo jua likizama, tumulike kwa tochi ya simu. Tulikaa, mimi na mume wangu, kama watu wanaongoja mwezi wa Ramadhani. Saa moja kasoro hivi walianza kutoka kwenye mdomo wa bomba, kwanza wawili watatu, halafu mfululizo, kama moshi wa jiko la mkaa lililowashwa sasa hivi. Hawakuwa wanatoka mtaroni. Walikuwa wanatoka chooni kwetu, wanapaa, wanageuka, wanaingia madirishani. Hatukusemezana. Kesho yake fundi alifunga kipande cha wavu wa plastiki juu ya bomba kwa waya, akaziba kwa saruji ufa wa mfuniko wa shimo na tundu la kuingizia mpira wa gari la kunyonya majitaka. Kazi ya saa moja. Nakiri hakuna kitu kingine nilichofanya katika habari hii yote kilichopunguza mlio wa usiku haraka namna ile.

Mama mkwe wangu, ambaye ni wa Makunduchi, alikuwepo kwetu wiki ile. Alimtazama fundi kwa muda kisha akasema, "Mwanangu, kwetu sie walitia vipunje."

"Vipunje gani, mama?"

"Vyeupe, vyepesi. Kama vile vinavyokuja na maboksi ya televisheni."

Nikadhani ni ngano. Akaniambia kwamba mwishoni mwa miaka ya themanini walikuja wataalamu, wakapita vyoo vya shimo vyenye maji Makunduchi nzima, wakamimina magunia ya vipunje hivyo, na watu wakapewa na vidonge vya matende. "Baada ya wiki chache," akasema, "tulilala tukadhani tumeziba masikio."

Baadaye nilitafuta, na ni kweli tupu, tena ni jaribio linalosimuliwa hadi leo na watu wa fani hiyo. Vipunje vile vya plastiki iliyoumuliwa huelea na kufanya tabaka juu ya maji. Mbu jike hapati mahali pa kutaga, na kiluwiluwi aliye chini hapati pa kutokezea kimrija chake apumue. Haviozi, haviishi nguvu, vilikaa kwenye vyoo vile miaka na miaka. Watu waliokuwa wakiumwa na kuleksi mara maelfu kwa mwaka walipata nafuu ya takriban asilimia 98. Kisiwa kile kilikuwa na jibu la bei ya takataka, na mimi nilikuwa nimeolewa katika ukoo wake bila kuuliza.

Nilitaka kuvileta kwangu. Haikufaa. Shimo letu hunyonywa na gari, lingevinyonya pia. Na mvua kubwa za masika zikija, mashimo ya huku hufurika, vipunje vingeishia Mto Msimbazi na baharini, ambako plastiki imeshatosha. Ila kwa mtu mwenye choo cha shimo lenye maji, mahali pasipofurika, hilo ni jambo la kuzungumza na Bwana Afya.

Nirudi nyuma kidogo kwenye hela. Kabla ya kopo jeupe, kila nilichonunua kilikuwa cha kumuua mbu aliyekwisha kuota mabawa. Dawa ya kuchoma ya mviringo chini ya meza, dawa ya kopo saa moja kabla ya kulala, milango imefungwa, sisi tunakohoa nje. Asili ya sumu hizo ni ua, pareto, lile jeupe lenye moyo wa njano linalolimwa nyanda za juu kusini na kusindikwa Mafinga. Wanakemia waliiga sumu ya ua hilo, na ndugu zake wa kiwandani ndio walio kwenye dawa nyingi za dukani na kwenye vyandarua vyenye dawa. Mbu nao si wajinga. Kizazi baada ya kizazi, wanaosalia ni wale sumu isiyowapata, na ndiyo sababu vyandarua vya siku hizi vingi vinaongezwa kiambata cha pili. Mimi nilikuwa napulizia kizazi kimoja huku nyuma ya friji nalea kingine.

Moshi wa kupuliza mtaani nao ulishapita kwetu mara moja. Watoto walifurahi. Moshi huo humpata mbu anayeruka saa ile; aliye ndani ya tairi kama kiluwiluwi haujui. Unafaa wakati wa mlipuko, kupunguza haraka wale waliokwisha kubeba virusi, lakini wiki moja baadaye chupa ya jemu ya binti yangu ingekuwa imeshajaza nafasi zao. Kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachodaiwa kutoa mlio wa kufukuza mbu, nilichokinunua Kariakoo, sikutaka hata kumwonyesha bwana wa kopo. Nimemwona mbu akitua juu yake. Kivumbasi na mchaichai ninavyo kando ya mlango, navipenda, na majani yake ukiyafukiza yanasaidia kidogo kwa muda. Ila mmea uliosimama kwenye chungu haulindi nyumba, na chungu chenyewe kama kina sahani chini mnajua kinachofuata. Kitu cha umeme nilichokidharau bila haki ni feni. Mbu ni mrukaji dhaifu, na huongozwa na hewa tunayotoa puani na harufu ya ngozi; feni ikielekezwa miguuni barazani inampeperusha yeye na inatawanya harufu.

Kuna maji ambayo huwezi kuyafunika wala kuyamwaga. Ng'ambo ya barabara kuna msingi wa nyumba uliochimbwa ukaachwa, mwenyewe hatumjui, na kila vuli unakuwa bwawa. Tulipochota pale, viluwiluwi walikuwa wamelala bapa. Anofelesi. Hao ndio wa malaria, na hawakuwa wangu wala wa jirani. Kwa maji kama hayo kuna dawa ya viluwiluwi inayotokana na bakteria aliyegunduliwa 1976 kwenye jangwa la Negev: kiluwiluwi humla, na sumu yake humpasua utumbo, wakati samaki, kuku na binadamu hawadhuriki. Bakteria mwingine wa jamaa hiyo hutumika zaidi kwenye maji machafu. Zote mbili zinatengenezwa hapa Kibaha, kwenye kiwanda kilichofunguliwa 2015 kwa teknolojia ya Kuba. Nilikwenda kwa Bwana Afya wa kata mara tatu. Mara ya tatu alikuja kijana na bomba la mgongoni, akanyunyizia, na ikabidi arudi tena, kwa kuwa dawa hiyo haikai milele.

Fundi mmoja alinishauri nimwage oili chafu ya gari humo, kama walivyofanya wazee. Ni kweli mafuta huwaziba pumzi. Lakini hapo jirani watu wana visima, na oili haina adabu ya kubaki ilipomwagwa.

Zamu yetu ni Jumamosi saa moja asubuhi. Binti anashika bakuli jeupe la plastiki, mimi brashi, mume wangu analalamika. Tairi limeondoka, alilitoboa matundu akalifanya bembea, akadai ndio uliokuwa mpango wake tangu mwanzo. Turubai limevutwa likawa mgongo wa tembo, maji yanateleza. Mwezi wa kwanza tulikuta viluwiluwi karibu kila zamu, mahali pasipodhaniwa: kwenye kopo la rangi, kwenye kifuniko cha chupa ya soda, ndani ya kiatu. Siku hizi wiki nyingi bakuli linarudi tupu. Jioni barazani bado naumwa, simdanganyi mtu, lakini naumwa mara mbili tatu, siyo kuchinjwa.

Nilibaki na deni la jirani. Nilimfuata Jumapili moja mchana, nikapiga hodi nimeshika bakuli, nikamwambia yote: pipa, trei ya friji, bomba la choo, na lile neno la getini. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniita hadi ghorofani kwake, akanisimamisha dirishani. Chini yetu palionekana uwanja wangu wote, na katikati yake turubai la bluu.

"Miaka mitatu, jirani," akasema. "Kila jioni nasimama hapa, nalitazama lile turubai lako, nasema: mbu wetu wale pale."

Mtaro bado umeziba. Tuliuzibua upande wake, maji yakatembea siku mbili, yakasimama tena, kwa sababu huko mbele, nyumba ya nne, mtu amejenga ukuta juu yake. Jumamosi hii tunakwenda kumwona, jirani na sepetu, mimi na bakuli.